Kichanga hajawahi kupewa antibayotiki hata moja, iweje dawa zigome kwake? Uzi kuhusu usugu wa dawa kwa watoto wachanga

NesiWaVichanga

Wakuu habari zenu. Mimi ni nesi, niko wodi ya watoto wachanga, na kuna swali wazazi wananiuliza tena na tena hadi nimeona bora nilishushe hapa tuliongee kwa kirefu. Mtoto ana siku tano, amepata maambukizi kwenye damu, daktari anawaambia wazazi dawa tulizoanza nazo hazifanyi kazi, bakteria ni sugu. Mama anashangaa, "sista huyu mtoto hajawahi kumeza dawa yoyote toka azaliwe, huo usugu ameupata wapi?"

Swali zuri kabisa na jibu lake ndo msingi wa uzi wote huu. Mtoto hana usugu. Mwili wake haujazoea dawa yoyote. Mwenye usugu ni bakteria, na bakteria huyo aliupata usugu wake zamani, huenda kabla hata ujauzito haujatungwa, ndani ya watu wengine, kwenye wodi nyingine, kwenye mifugo, kwenye maji taka, halafu akamfikia mtoto akiwa tayari ameshajizatiti. Kwa hiyo mama usijilaumu eti labda kuna dawa ulikunywa ukiwa na mimba. Mara nyingi kabisa mdudu ametoka kwenye mazingira aliyozaliwa au anayolazwa mtoto, na hapo wa kuwajibika ni sisi tunaohudumia, siyo wewe.

Niwaeleze kwanza kwanini vichanga wanapigwa kirahisi hivi. Kinga nyingi ambayo mama anampa mtoto kupitia kondo la nyuma inavuka miezi mitatu ya mwisho ya mimba, sasa njiti aliyezaliwa wiki ya 29 anatoka kabla hajapokea mgao wake. Ngozi yake ni nyembamba mno, ukibandua plasta vibaya inatoka nayo. Asidi ya tumboni bado haina nguvu. Kitovu ni kidonda kibichi. Juu ya hapo tunamwekea kanula, mpira wa kulishia, wengine mashine ya kupumulia, na kila kimoja kati ya hivyo ni njia ya mdudu kuingilia. Vifaa hivyo vinamwokoa, siwezi kusema visiwekwe, ila kila kifaa kinachokaa mwilini siku moja zaidi ya inavyohitajika ni hatari ya bure.

Maambukizi yanayotokea ndani ya masaa 72 ya kwanza kwa kawaida tunasema yamepatikana wakati wa uchungu na kujifungua, yakija baada ya hapo tunaanza kuangalia mazingira ya wodi au nyumbani. Huo mpaka ulikuwa unaeleweka vizuri enzi hizo ila siku hizi kwenye hospitali zenye msongamano unavurugika, mtoto wa siku mbili unamkuta na mdudu wa hospitali kabisa.

Kimondo

Asante sista kwa uzi. Hao bakteria wenyewe ni akina nani? Na usugu wanaupataje, wanajifunza?

NesiWaVichanga

Mkuu Kimondo, anayetusumbua kuliko wote kwenye hospitali nyingi za nchi za kipato cha chini na kati anaitwa Klebsiella pneumoniae. Halafu kuna E. coli, Acinetobacter, Staphylococcus aureus na wengineo. Kwenye nchi tajiri utasikia zaidi habari za streptokokasi kundi B, huyo bado penisilini inamweza vizuri, ndo maana huko mama akikutwa naye anachomwa antibayotiki wakati wa uchungu. Klebsiella ni habari nyingine.

Hawajifunzi. Bakteria wanazaliana kwa kasi ya ajabu, na kwenye kuzaliana huko makosa madogo yanatokea kwenye vinasaba vyao. Mmoja kati ya mamilioni anajikuta na badiliko linalomfanya avumilie dawa. Ukimwaga dawa wenzake wote wanakufa, yeye anabaki peke yake na nafasi yote ni yake. Dawa haikumfundisha kitu, ilimfagilia njia tu.

Kibaya zaidi ni kwamba hawahitaji kusubiri bahati hiyo. Wana vipande vidogo vya vinasaba vya duara vinaitwa plazmidi, na bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake kipande hicho hata kama ni wa aina tofauti, kama mtu anavyomchongea jirani ufunguo wa nakala. Na kipande kimoja kinaweza kubeba usugu wa dawa nne tano kwa mpigo. Ndo maana unakuta Klebsiella anakataa seftriaksoni na jentamaisini kwa pamoja wakati hizo ni dawa za familia tofauti. Ampisilini na seftriaksoni anazikata kwa vimeng'enya vinavyovunja dawa kabla haijafanya kazi, jentamaisini anaibandika kitu juu isiweze kushika pale inaposhika, na dawa nyingine anazisukuma nje ya mwili wake zikiingia.

mama_njiti

Mimi mwanangu alikaa wodini karibu miezi miwili, alizaliwa na kilo moja na kidogo. Alipata hiyo Klebsiella. Nakumbuka tulipewa karatasi ya majibu ina orodha ya dawa na mbele yake herufi R, R, R, mstari mzima R. Hakuna aliyenieleza ile R ni nini hadi nilipomuuliza mwanafunzi mmoja wa udaktari kwenye korido. Nililia sana siku ile. Mtoto alipona, Mungu ni mwema, ila sista nisaidie nielewe ile karatasi inasomwaje, nahisi kuna wazazi wengine wako na hiyo karatasi mkononi sasa hivi.

NesiWaVichanga

Dada pole sana kwa uliyopitia, na hongera kwa mtoto kupona. Hukutakiwa kuyapata hayo maelezo koridoni.

Ni hivi. Tunapohisi mtoto ana maambukizi kwenye damu tunachukua damu na kuipeleka maabara ioteshwe. Kwa kichanga unahitaji angalau mililita moja iende kwenye chupa ya kuoteshea, na ukipunguza kiasi hicho unaweza kumkosa mdudu hata kama yupo. Mililita moja kwa mtu mzima si kitu. Kwa mtoto wa gramu 900 ambaye damu yake yote haijai hata kikombe kidogo, na mshipa wenyewe unauona kama uzi wa kijani chini ya ngozi, ile ni kazi. Unasafisha ngozi kwa spiriti au klorheksidini, unasubiri ikauke, na hapa kwenye kusubiri ndipo wengi tunashindwa na haraka, ngozi isipokauka bakteria wa juu ya ngozi wanaingia kwenye chupa, maabara inaotesha mdudu asiyehusika na mtoto anapewa dawa za wiki nzima bure.

Chupa inakaa kwenye joto, wengi wanaota ndani ya masaa 24 hadi 48. Wakiota, maabara inawawekea dawa mbalimbali kuangalia ipi inawazuia. S maana yake dawa inamweza huyo mdudu, R maana yake ni sugu, hiyo dawa weka pembeni. Kuna na I, hiyo iko katikati, daktari anaamua kulingana na dozi na mahali maambukizi yalipo.

Mfano wa karatasi inayokuja mikononi mwetu mara kwa mara: ampisilini R, jentamaisini R, sefotaksimu R, seftriaksoni R, amikasini S, meropenemu S. Ukiona hivyo bado kuna pa kushika. Inayotutisha ni ile ambayo hadi meropenemu, dawa kali tunayoiweka akiba, ni R.

Na kitu kimoja wazazi mkijue, damu ichukuliwe KABLA ya dozi ya kwanza ya antibayotiki. Una haki ya kuuliza kwa upole kabisa, "sista, damu ya kuotesha imeshachukuliwa?" Sehemu nyingine kipimo hicho hakipo kabisa, na hapo daktari anatibu kwa kukisia. Ila mtoto akiwa hali mbaya dawa haisubiri majibu, inaanza saa hiyo hiyo, maana kichanga mwenye sepsisi (maambukizi yaliyouvuruga mwili mzima) anaweza kubadilika ndani ya masaa machache.

Kimondo

Sasa hapo sijaelewa. Kama mnajua dawa za kwanza zinagoma sana, kwanini msianze na hiyo kali moja kwa moja kwa kila mtoto? Kwanini mtoto apoteze siku mbili kwenye dawa ambayo haitamsaidia?

Dawa Mkononi

Ngoja nimsaidie sista hapa, mimi ni mfamasia.

Mkuu hoja yako ina uzito na hata wataalamu wanaivutania. Shirika la Afya Duniani bado linaelekeza kuanza na ampisilini au penisilini pamoja na jentamaisini, ikishindikana unaenda sefalosporini za kizazi cha tatu, kama sefotaksimu na seftriaksoni. Utafiti mkubwa uliofanyika 2018 hadi 2020 kwenye hospitali 19 za nchi 11, Kenya, Uganda na Afrika Kusini zikiwemo, ulifuatilia vichanga zaidi ya 3,200 wenye dalili za sepsisi. Ulikuta zaidi ya michanganyiko 200 tofauti ya antibayotiki inatumika. Mia mbili! Yaani kila hospitali, na pengine kila daktari, anapambana kivyake kwa sababu dawa za mwongozo hawaziamini tena. Klebsiella ndo aliongoza. Zaidi kidogo ya mtoto 1 kati ya 10 alifariki, na tofauti kati ya hospitali na hospitali ilikuwa kubwa sana.

Sasa kwanini tusimpe kila mtoto meropenemu? Kwanza wengi kati ya vichanga wanaoanzishwa antibayotiki mwishowe wanakuwa hawana maambukizi ya bakteria. Dalili za sepsisi kwa kichanga hazijitofautishi, mtoto kulegea na kutonyonya inaweza kuwa sukari imeshuka, inaweza kuwa baridi, inaweza kuwa moyo. Ukiwamwagia wote meropenemu, ndani ya muda mfupi wodi yako inabaki na wadudu ambao hata meropenemu haiwawezi. Na hii siyo nadharia, wapo tayari, kimeng'enya kinachovunja meropenemu kinachoitwa NDM kilielezwa kwa mara ya kwanza 2009 na leo kimesambaa dunia nzima. Baada ya hapo unabaki na kolistini, dawa ya miaka ya 1950 iliyowekwa kando kwa sababu ya kuumiza figo. Na mwaka 2015 China wakatangaza kugundua usugu wa kolistini unaosafiri kwa plazmidi.

Pili, antibayotiki yenyewe ina gharama kwa mtoto. Inafagia na bakteria wazuri wa utumboni ambao ndo kwanza wanaanza kukaa. Njiti waliokaa kwenye antibayotiki muda mrefu bila maambukizi kuthibitishwa wameonekana kupata zaidi ugonjwa wa utumbo kuoza.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni kila hospitali ijue wadudu wake. Kama majibu ya mwaka mzima yanaonyesha Klebsiella wa wodi yenu anakataa jentamaisini lakini amikasini inamweza, basi mwongozo wa wodi ubadilike, siyo kila daktari kuamua saa nane usiku peke yake.

NesiWaVichanga

Dokta wa dawa umemaliza, niongeze la upande wetu. Majibu ya kuotesha yakirudi hayana kitu baada ya masaa 48 na mtoto yuko vizuri, ananyonya, joto limetulia, dawa zisimamishwe. Najua mzazi anaogopa, na hata sisi wahudumu tunaogopa, ndo maana utakuta mtoto anaendelea hadi siku ya saba "kwa usalama". Hiyo tabia inatuumiza. Kuacha dawa pale ambapo haina kazi ni sehemu ya matibabu sawasawa na kuianza.

Na majibu yakionyesha dawa ndogo inamweza mdudu, mtoto ashushwe kutoka kwenye kali kwenda ndogo. Karatasi ya maabara ikishapatikana isomwe siku hiyo hiyo, isikae kwenye faili.

mgeni_mtulivu

Samahani, hizo dawa mpya ambazo kila siku tunasikia zimegunduliwa, hazifiki kwa vichanga?

Dawa Mkononi

Hapo ndo panauma mkuu. Dawa mpya zinajaribiwa kwa watu wazima kwanza, zinapitishwa, halafu upande wa watoto unakuja miaka mingi baadaye na vichanga wanakuwa wa mwisho kabisa. Antibayotiki zilizopitishwa tangu 2000 ambazo zina dozi rasmi ya kichanga zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Na huwezi kuchukua dozi ya mtu mzima ukagawanya kwa uzito tu, figo na ini la kichanga vinabadilika wiki hadi wiki, jentamaisini peke yake njiti mdogo anaipata kwa kuachanisha muda mrefu zaidi kuliko aliyetimiza miezi tisa, ukikosea unagusa figo na masikio.

Tumaini lililopo kwa sasa liko zaidi kwenye dawa za zamani zilizosahaulika. Kuna jaribio linaitwa NeoSep1 linalopima michanganyiko inayohusisha fosfomaisini, flomoxef na amikasini kwa vichanga wenye sepsisi, Kenya na Afrika Kusini zimo. Fosfomaisini iligunduliwa 1969, flomoxef Japani wanaitumia tangu miaka ya 1980. Kwa hiyo si dawa mpya, ila bakteria wengi wa wodini bado hawajakutana nazo sana.

Bi Mkubwa

Wanangu nimesoma yote. Sasa sisi tulioko nyumbani tufanye nini? Maana mnaongea maabara na dawa, mjukuu wangu atazaliwa mwezi ujao.

NesiWaVichanga

Shikamoo bi mkubwa, hongera kwa mjukuu anayekuja.

Nianze na mikono maana ndo kitu kikubwa kuliko vyote na nitakirudia hadi mchoke. Mwaka 1847 pale Vienna daktari Semmelweis aliwalazimisha wenzake kunawa kwa maji ya klorini kabla ya kumgusa mzazi, maana walikuwa wanatoka kupasua maiti wanaingia moja kwa moja leba, na vifo vya akina mama vikashuka sana. Wakati huo haikujulikana bado kwamba bakteria ndo wanaleta ugonjwa. Leo tunajua, na bado nesi mmoja anahudumia watoto 20 usiku. Angalia inavyokuwa: nimerekebisha mpira wa kulishia wa mtoto wa kwanza, alamu ya oksijeni ya mtoto wa tatu inalia, nakimbia, nabonyeza mashine, nashika kalamu naandika, naifunua nepi ya wa tatu. Hapo nimeshahamisha wadudu mara tatu bila nia mbaya. Ndo maana kitakasa mikono kinatakiwa kiwe kwenye KILA kitanda, siyo mlangoni. Mzazi ukiona nesi anamgusa mwanao bila kutakasa mikono mkumbushe, mimi binafsi nikikumbushwa nashukuru.

Masinki nayo, mashine za kunyonya makamasi, chupa ya dawa inayochomwa sindano mara nyingi kwa watoto tofauti, drip iliyofunguliwa toka jana, huko kote milipuko ya Klebsiella imewahi kufuatiliwa ikakutwa inatokea huko.

Sasa nyumbani bi mkubwa. Maziwa ya mwanzo yale ya njano YASIKAMULIWE YAKAMWAGWA, yana kinga ambayo hakuna duka linauza. Mtoto anyonye ndani ya saa la kwanza na apewe maziwa ya mama tu, asipewe maji. Kitovu kiachwe kikavu na kisafi. Kisipakwe majivu wala mafuta, na unga wa kapsuli ya antibayotiki usinyunyiziwe pale, huko ndo kulea wadudu sugu. Sehemu zenye vifo vingi vya vichanga, au wanakopaka vitu vya hatari kitovuni, kuna jeli ya klorheksidini ya kitovu, kliniki wakikupa tumia walivyokuelekeza na isiguse macho kabisa.

Kama mtoto ni mdogo akae kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, ile ya kangaruu. Utafiti wa nchi tano, Tanzania na Malawi zikiwemo, uliotoka 2021 ulionyesha kumweka mtoto mdogo kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri atulie kwanza, kulipunguza vifo kwa takriban robo. Na maambukizi pia yalipungua. Mtoto anapata bakteria wa mama yake badala ya wale wa wodini.

mama_njiti

Nathibitisha hiyo ya kifuani. Mwanangu alianza kuongezeka uzito toka tulipoanza kukaa hivyo, mimi na baba yake kwa zamu.

mgeni_mtulivu

Swali la mwisho sista. Mtoto akitibiwa huyo mdudu sugu akapona akaruhusiwa, akirudi nyumbani bado anaye? Na tutajuaje kama amerudi tena?

NesiWaVichanga

Mkuu anaweza kuwa naye utumboni kwa wiki au miezi bila kuumwa, hiyo inatokea sana. Hahitaji dawa ya "kumsafisha", ukimpa antibayotiki mtoto mzima asiyeumwa unampa yule mdudu nafasi zaidi. Maziwa ya mama na muda vinawasaidia bakteria wa kawaida kurudisha nafasi yao. Nyinyi mnaomhudumia nepi mnawe mikono kwa sabuni kila mara, basi.

Za kuangalia mtoto akiwa chini ya miezi miwili ni hizi: amegoma kunyonya au ananyonya kidogo kuliko kawaida yake, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia (hesabu dakika nzima, vichanga wanapumua kwa kuruka ruka), kifua kinabonyea kwa ndani, degedege, joto 38 kwenda juu au chini ya 35.5, amelegea hadi umguse ndo asogee au hasogei kabisa. Hiyo ya joto kushuka watu hawaipi uzito ila njiti mara nyingi hapati homa, anakuwa wa baridi. Moja tu kati ya hizo nenda hospitali saa hiyo hata kama ni usiku, usianze na dawa ya dukani.

Na ukienda beba karatasi ya kuruhusiwa pamoja na ile ya maabara yenye R na S. Piga na picha iwe kwenye simu ya baba na ya bibi pia. Daktari wa zamu ambaye hajawahi kumuona mwanao akiiona ile karatasi anajua toka dakika ya kwanza dawa ipi asipoteze muda nayo.